Hita ya gereji ya ami, na jiko la makaa letu hapa

Kuna mwenzetu aliuliza: Fizikia ya sekondari inamsaidia nini mtu anayekaa kambini? Swali zuri. Mimi nitalijibu kwa hita ya gereji.

Kwetu Ras Kamboni, pale Somalia inapoishia ukielekea Kiunga, hakuna anayenunua joto. Joto lipo tu. Kusi ikivuma na usiku ukashuka nyuzi 24, wazee wanajifunika shuka mbili na kulalamika baridi. Hapa Kakuma ndiyo usiseme, mchana bati halishikiki. Lakini ami yangu yuko Minneapolis, Marekani, na huko mwezi wa Januari nyuzi 20 chini ya sifuri si jambo la kushangaza mtu.

Ami ni fundi wa mashini za boti tangu nyumbani. Huko aliko, mchana anafanya kazi ghalani, jioni anatengeneza magari ya jamaa kwenye gereji ya nyumba anayopanga. Pesa ya jioni ndiyo inayotufikia sisi: ada ya mdogo wangu na dawa za bibi. Baridi ikizidi, vidole vinakufa ganzi, spana haishikiki, kazi inasimama. Na ikisimama huko, huku tunajua wiki hiyo hiyo.

Akanitumia sauti: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Dukani wananiambia nichukue hita ya gesi ya 75,000. Jirani ananiambia ile ndogo ya mtungi inatosha, unaiweka chini, unafunga mlango, unafanya kazi. Nifuate lipi?"

Nikamwambia, ami, kwanza nipe vipimo. Hita huuzwa kwa BTU kwa saa, na BTU 3,412 kwa saa ni sawa na kilowati moja. Mafundi wana hesabu yao rahisi: ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo, mara tofauti ya joto la nje na lile unalotaka ndani, mara namba inayoonyesha chumba kinavuja joto kiasi gani. Chumba kilichozibwa vizuri kinapewa kama 1, cha wastani 2, ukuta mtupu wa bati au mbao 3 au zaidi. Jibu linatoka kwa kilokalori kwa saa. Zidisha kwa karibu 4 upate BTU.

Gereji ya ami ni ya magari mawili: mita 7.3 kwa 7.3, kimo 2.4. Hiyo ni kama mita za ujazo 128. Nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani anataka 10 tu, maana atakuwa na koti. Tofauti ni 30. Kwa hiyo 128 mara 30 mara 2 ni 7,680, yaani karibu BTU 30,500.

Sasa hapo kuna mtego. Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni gesi inayoingia, si joto linalotoka. Hita nyingi za gereji zenye bomba la moshi zinatoa kama asilimia 80. Ya 30,000 itakupa 24,000, haitoshi. Ya 45,000 itakupa 36,000, inatosha na kubaki. Ya 75,000 itakupa 60,000, karibu mara mbili ya haja yake. Na kubwa si bora. Inapasha haraka, inazima, inawaka tena, inazima tena. Joto halienei sawasawa, gesi inapotea na chombo kinachakaa mapema.

Tena nikamwambia asikimbilie dukani. Ukuta na mlango ule ukiwa mtupu, haja inapanda hadi karibu 46,000. Ukizibwa vizuri inashuka hadi kama 15,000. Kwa hiyo mpira wa chini ya mlango na kuziba nyufa ni pesa ndogo inayookoa pesa kubwa.

Kuhusu ushauri wa jirani, hapo sikucheka naye. Hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje, ndani ya mlango uliofungwa, inaweza kuua. Gesi isipoungua vizuri inatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata ikiungua vizuri, kila kilo ya gesi ya propani inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Vyombo vyote vya ami vingeshika kutu. Halafu pale pana petroli, na mvuke wa petroli hutambaa chini, ndiyo maana moto wa hita unatakiwa kuinuliwa angalau sentimita 46 kutoka sakafuni. Basi awe na ruhusa ya mwenye nyumba, fundi mwenye leseni, bomba la kwenda nje, na kengele ya kaboni monoksidi ukutani.

Sasa nyinyi mtasema, haya yanatuhusu nini? Faili letu nyumbani limesimama tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi. Napiga hesabu ya gereji ambayo sijui kama nitaiona.

Lakini hewa ile ile iko hapa. Mvua ikinyesha usiku, watu wanaingiza jiko la makaa ndani, wanafunga mlango, watoto wanalala. Mkaa unaonekana hauna moshi, mtu anadhani umeshakuwa salama. Kumbe ule mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi usio wa kawaida. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja jiko likiwa ndani, msisubiri. Watoeni wote nje, kisha kimbieni kliniki.

Sisi wa kujitolea tunapopita mablokini tunaulizia maji na vyoo. Mimi nimeongeza swali moja: jiko linalala wapi? Na wewe ukifika nyumbani leo, muulize mama yako.