Na mbwa mpaka chini ya mlima: safari yetu ya Kibara

Tangu turudi kutoka milima ya Kibara mwezi wa saba, wengi mmeniuliza habari, na wengi zaidi mmeuliza juu ya Bobi na Polisi, wale mbwa wawili waliopanda gari pamoja na watoto kama abiria wenye tikiti. Basi nieleze.

Sisi wa Kamina jina la Upemba tunalijua kwa sababu ya samaki wanaotoka kwenye maziwa upande wa Bukama. Mlima wenyewe wengi hatujauona. Parke ya Upemba iliundwa tarehe 15 Mei 1939, na haina maziwa peke yake. Ukivuka Lualaba kwenda mashariki, ardhi inaanza kupanda, miti inapungua, nyasi zinabaki, na kule Lusinga, kwenye kituo cha walinzi, uko zaidi ya mita 1,700. Upepo haupumziki. Usiku wa mwezi wa saba mtoto mmoja anahitaji mablanketi mawili, na mama yake matatu.

Mbwa haingii ndani ya parke. Tulilijua hilo tangu nyumbani, lakini watoto hawakukubali kuwaacha. Kwa hiyo tuligawa safari: siku mbili kijijini chini ya mlima, nje ya mpaka, pamoja na mbwa, siku mbili juu bila wao. Shemeji yangu, ambaye hapendi baridi, alikubali upesi sana kubaki chini kuwalinda.

Kule chini mbwa walitufaa. Tulipiga hema mbili karibu na nyumba ya mwenyeji wetu, tukapika bukari kwenye makala, na usiku watoto walilala bila hofu kwa sababu Polisi alilala mlangoni. Lakini tulikwenda kutazama wanyama, na wanyama hatukuwaona. Asubuhi tulifuata kijito. Tukaona nyayo za mbawala kwenye tope, bado mbichi, na mkia wa nsya ukipotea kwenye majani kabla Bobi hajafungua mdomo. Nyani walikaa juu ya mwamba, mbali, wakatupigia kelele mpaka tukaondoka. Siku mbili, mkia mmoja.

Jioni alikuja mzee mmoja mwindaji na mbwa wake mwembamba, mwenye kengele ya mti shingoni. Mwanangu akauliza: “Kaku, kengele ni ya nini?” Mzee akamweleza kwamba mbwa wa namna ile habweki ovyo, na ndani ya majani marefu kengele ndiyo inayomwambia mwindaji mbwa yuko wapi. (Mbwa hao wa Kongo wasiobweka wanajulikana leo Ulaya na Marekani kwa jina la basenji, na kule wanalala kwenye viti vya sebuleni.) Kisha akanigeukia: “Mama, mnyama wa hapa akisikia harufu ya mbwa, anajua mtu mwenye mkuki yuko nyuma. Huyu wako wa mjini hana kengele, lakini harufu ni ileile.”

Sitamsema vibaya mzee yule. Sisi Baluba hadithi ya wafalme wetu inaanza na mwindaji, Mbidi Kiluwe, na tumekula kwa mikono ya wawindaji. Ila aliniambia pia kwamba wajukuu wake hawajawahi kuona punda milia, na wanaishi chini ya mlima uleule.

Watoto wangu waliwaona. Siku ya nne, juu, mlinzi alituketisha nyuma ya kichuguu, upepo ukitupiga usoni, akatukataza hata kukohoa. Tulikaa karibu saa mbili. Mdogo wangu wa miaka sita, ambaye kanisani hakai dakika tano, alikaa. Wakatoka punda milia kumi na mmoja, polepole, wakila, na mtoto mmoja wa punda ubavuni mwa mama yake. Mbele yao ndege wawili warefu wa kijivu walitembea kama watu wanaopima shamba. Hakuna aliyetukimbia. Mlinzi akasema kwa sauti ndogo kwamba katika Kongo nzima punda milia wa porini wamebaki hapa tu.

Nilimwuliza juu ya mbwa. Alisema shida si kelele peke yake. Mbwa wa nyumbani huleta magonjwa, na ule ambao daktari wa mifugo anauita Carré haubaki kwa mbwa: mwaka 1994 kule Serengeti, Tanzania, uliua simba wapatao elfu moja, theluthi moja ya simba wote wa pale. Na mbwa mwenyewe yuko hatarini. Chui anapenda sana nyama ya mbwa, na mbung'o wa mabondeni humpa ugonjwa unaomkausha mpaka afe. Mbwa wanaofanya kazi porini wapo, kama wale wa Virunga, ambao tangu 2011 wanafuata harufu ya wawindaji haramu. Lakini hao wamefundishwa, wanachanjwa, na wanashikwa kwa kamba.

Neno moja linatuhusu sisi wanawake. Ile nyama ya pori iliyokaushwa, inayofika sokoni ndani ya magunia, ni nani anayeinunua? Mwenye mbwa na kengele hauzi bila mteja. Tangu nirudi, nimepita mbele ya meza zile mara tatu, na mara zote nimeulizwa kwa nini nimekuwa mgeni.

Kwa wanaotaka kwenda: mwezi wa sita na wa saba ni mizuri, kabla moto haujachoma nyasi zote. Msiende bila kuuliza kwanza ofisi ya ICCN kama njia iko salama. Lusinga ilishambuliwa na Mai-Mai mwezi wa kumi na mbili 2012, watu wakauawa, na walinzi hawajasahau. Chukueni bidoni za maji, chandarua kwa ajili ya kule chini, na viatu vilivyofungwa.

Na mbwa wanaobaki nyumbani wachanjwe kichaa kila mwaka, hasa wanaocheza na watoto. Mtoto akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku ileile, hata kama mbwa ni wa jirani na mnamjua jina.