Alama za Magurudumu

Leo twapenda kuwasimulia habari ya safari yetu katika jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya. Wala si kwa kujisifu, maana hatukufanya neno la kusifiwa.

Mwishoni mwa mwezi wa Mei, mwaka 2018, tulitoka Marsabit watu watatu, tukimpelekea ndugu yetu mizigo yake huko North Horr. Motokaa yetu ilikuwa ya nguvu, yenye kusukumwa na magurudumu yote manne, nasi tuliitumaini kupita kiasi. Tukapita Maikona, hata tukafika Kalacha, penye chemchemi na mikoche, tukalala. Asubuhi mzee mmoja Mgabbra akatuambia, "Wanangu, mvua ilinyesha. Fuateni njia ya ukingoni, ijapokuwa ni ndefu. Msikate katikati."

Chalbi zamani ilikuwa ziwa. Maji yalikauka, ikabaki sakafu ya udongo na chumvi, nyeupe, tambarare, isiyo na mti. Wakati wa kiangazi motokaa hupita juu yake kama juu ya saruji. Lakini baada ya mvua, juu hukauka upesi na chini hubaki tope. Sisi tuliuona weupe ule, tukasema, "Pamekwisha kauka," tukaiacha njia.

Hatukwenda mbali. Ukoko ukapasuka, magurudumu yakazama. Tukatia gia ya nguvu, yakazunguka yote manne. Na kadiri yalivyozunguka ndivyo yalivyojichimbia, hata tumbo la gari likalala juu ya tope. Ndipo tulipofahamu ya kuwa nguvu nyingi humfikisha mtu mbali zaidi katika kosa lake. Simu haikushika. Maji yetu yalibaki nusu debe, na jua lilikuwa kali. Tulilala pale, kila mmoja akipimiwa kikombe chake, wala hapana aliyetaka kumtazama mwenziwe usoni.

Siku ya pili vijana wawili wachungaji wa ngamia walituona kwa mbali, wakaja. Walitupa maziwa kwanza, ndipo wakauliza habari. Wakatusaidia kuchimba, kupunguza upepo wa matairi, na kutandika mbao na mikeka chini yake. Alasiri gari likatoka, tukarudi kinyumenyume mpaka ukingoni.

Tulipotaka kuwapa fedha, mmoja akasema, "Wazee wetu, fedha si neno. Tazameni alama zenu." Tukatazama. Alama za magurudumu zilikwenda moja kwa moja katikati ya weupe, zikipendeza kama njia njema. "Ajaye nyuma ataziona," akasema, "naye atadhani mlifika."

Neno hilo lilituchoma kuliko jua. Basi tukakaa hata magharibi, tukikusanya mawe meusi ya ukingoni na kuyapanga safu pale tulipoiacha njia, ili mtu asitufuate. Kisha tukaenda North Horr kwa njia ndefu ya yule mzee.

Twayaandika haya hasa kwa ajili yetu sisi wazazi. Aliyetangulia hapotei peke yake. Tukikosa, haitoshi kutoka topeni na kunyamaza, yatupasa kurudi, kuweka mawe, na kuwaambia watoto wetu wazi, "Hapa tulikosa, msipite."