Jicho la Pili

Mimi ni mtu wa nafaka. Nimeuza mahindi na maharagwe Kitale tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na kazi hii ni ya macho kuliko ya mikono. Mkulima akikufungulia gunia, unatazama mara moja tu: punje zimetobolewa na dumuzi? Kuna ukungu wa kijani kwenye ncha? Usipoona hapo, utaona nyumbani, na gunia tayari ni lako. Macho yalipoanza kuzingua nilinyamaza, nikawa napima mahindi kwa vidole na kwa pua. Pua husaidia sana, ila haisomi mizani.

Aliyenigundua ni mke wa mwanangu, na ni kwa sababu ya pesa. Noti zilizotoka mwaka wa 2019 zote zina picha ya jumba la KICC, na mtu huzitofautisha kwa rangi. Mwenye macho mazima hasumbuki. Mimi kila kitu nilikiona kana kwamba kimechovywa kwenye chai ya rangi, basi kila mteja akinilipa, natoka kibandani. "Mayi," akaniuliza siku moja, "mbona kila noti unaipeleka juani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kesho yake tukawa kwenye foleni ya kliniki ya macho.

Afisa kliniki alinimulika kwa tochi yake ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwetu wengi huamini ni ngozi inayoota juu ya jicho, inayohitaji kukwanguliwa. Sivyo. Nyuma ya mboni kuna lenzi, nayo huzaliwa nasi ikiwa angavu. Umri ukisonga inageuka manjano, kisha kahawia, na nyingine huwa nyeupe kabisa. Hakuna matone ya kuisafisha. Miwani niliyokuwa nimeuziwa dukani haikuwa na la kufanya, maana uchafu uko ndani. Jirani mmoja alikuwa amenishauri ningoje "aive" kwanza. Zamani hata madaktari walisema hivyo; siku hizi anatolewa mara tu anapokuzuia kufanya kazi zako, na ukingoja mno anakuwa mgumu, kumtoa kukawa taabu.

Niliogopa, nisidanganye. Mtaani husemwa jicho hung'olewa, likawekwa kwenye sahani, kisha likarudishwa. Wengine husema unawekewa la mbuzi. Tena nilikuwa na ushahidi wangu. Khocha wangu, ndugu ya mama, alipasuliwa enzi zile ambapo lenzi ilitolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake. Alipewa miwani minene kama kitako cha chupa, akaifunga kwa uzi nyuma ya kichwa, na akiivua hakuwa tofauti sana na alivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Nilimweleza afisa, akacheka. Akaniambia kuhusu daktari wa Uingereza, Harold Ridley, aliyetibu marubani wa Vita Vikuu vya Pili. Vipande vya plastiki ya dirisha la ndege vilikuwa vimewaingia machoni, na jicho halikuvikataa. Ridley akatengenezesha lenzi ya plastiki ya aina hiyo, na mwezi wa Novemba 1949 akaiweka ndani ya jicho la mgonjwa pale London. Wenzake walimpinga miaka mingi. Kumbe hata khocha wangu alipasuliwa wakati lenzi hiyo ipo duniani, ila haikuwa imetufikia.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi ndefu. Kwanza walipima jicho kwa mashine, ili kujua nguvu ya lenzi inayonifaa, maana si kila lenzi ni ya kila mtu. Nikachomwa sindano ya ganzi kando ya jicho, na hiyo ndiyo iliyouma. Baada ya hapo niliona mwanga tu na kusikia daktari akimwomba muuguzi vifaa. Mkato ni mdogo. Lenzi chafu inatolewa, mfuko wake mwembamba unaachwa, na mpya inakaa humo humo. Nililala nyumbani usiku ule.

Jicho la kulia lilipofunguliwa niliona vizuri, na watu wangu wakaona mambo yamekwisha. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Wagonjwa wengi huku kwetu huishia hapo: jicho moja limepona, shukrani zimetolewa, kuku amechinjwa. Lakini mimi nilikuwa naishi katika dunia mbili. Nikifunga jicho la kushoto, ukuta ni mweupe unaokaribia samawati. Nikifunga la kulia, ukuta ule ule ni kahawia. Nikiyafungua yote mawili, hakuna linalokubali la mwenzake. Nilimimina chai kando ya kikombe. Kushuka matatu ilibidi niitafute ardhi kwa mguu. Boda boda iliyokuwa mbali ilinifikia kabla sijamaliza kukisia umbali wake. Mtu hupima umbali kwa kulinganisha macho yake mawili, na yangu yalikuwa yanagombana.

La kushoto nilifanyiwa Bungoma, si kwa sababu nyingine ila binti yangu ameolewa upande wa Kanduyi na alitaka kunitilia matone mwenyewe. Bandeji ilipotolewa sikushangaa kama mara ya kwanza. Mshangao ulikuja nikishuka ngazi za hospitali: nilishuka tu, bila kushika ukuta, nikafika chini ndipo nikakumbuka kwamba nimeshuka.

Kipimo cha baadaye kilikuwa 6/9 jicho la kulia na 6/12 la kushoto. Maana yake ni kwamba herufi ambayo jicho zima huisoma kutoka mita 12, langu la kushoto huisoma kutoka mita 6. Shirika la Afya Duniani zamani lilihesabu 6/18 kuwa matokeo mazuri. Sasa limepandisha hadi 6/12. Nimepita, ingawa la kushoto limepita kwa kugusa kizingiti.

Sasa niseme yale ambayo watu wakitoa ushuhuda huyaruka. Lenzi hii haijikunji na kujinyoosha kama ile ya kuzaliwa. Yangu imewekwa kwa ajili ya mbali. Naona mashamba ya miteremko ya Elgon, lakini ujumbe wa M-Pesa siusomi bila miwani ya kusomea, wala uzi haupiti kwenye sindano. Mwaka wa kwanza nililalamika sana, kana kwamba nimepunjwa. Usiku taa za malori ya barabara ya Webuye hunitawanyikia machoni. Na jicho la kulia lilianza tena kuingia ukungu, nikadhani mtoto wa jicho amerudi. Harudi. Ni ule mfuko ulioachwa nyuma uliokuwa umefifia. Wakautoboa kwa leza, dakika chache, bila kisu, nikaenda zangu.

Siku hizi nafungua gunia na kulitazama mara moja tu. Kuna mzee jirani yangu Kiminini ambaye amefanyiwa jicho moja na hataki kusikia la pili. Anasema moja linamtosha kuona ng'ombe wake. Juzi nimemwona akipiga hatua ndefu kuvuka mtaro ambao uko mbele zaidi, nikamshika mkono. "Mama, niache," akasema. Nimemwambia nitamlipia nauli mpaka Bungoma, na binti yangu atamtilia matone. Amesema atafikiria baada ya kuvuna.