Nchi Ninayoitamani Nikiwa Juu ya Baiskeli

Katika usharika ninaotumika watu hunitambua kwa vitu viwili: kola ya kichungaji na baiskeli. Gari hatuna, na pikipiki ya kazi tumemwachia mwinjilisti wa mtaa wa mbali. Mimi huizungukia mitaa mitatu ya jirani kwa baiskeli, Biblia na vyombo vya Chakula cha Bwana vikiwa vimefungwa kwa mpira kwenye keria. Sifanyi hivyo kwa sababu ya uhaba tu. Nimeipenda baiskeli tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, na sasa nimevuka miaka arobaini na tano, mapenzi hayo hayajapoa. Hapa Singida upepo ni mwingi. Ukienda nao unajiona kijana, ukirudi unaukumbuka umri wako.

Mwaka juzi mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliniuliza jioni moja, "Baba, kama tungehama, wewe ungechagua nchi gani?" Halikuwa swali la mzaha. Mwenzake aliyesoma naye uuguzi anafanya kazi Ujerumani, na alikuwa amemtumia fomu pamoja na maelezo ya kujifunza lugha. Tuna watoto watatu, na hali ya mshahara wa mchungaji mnaifahamu.

Nilimjibu bila kufikiri: Uholanzi. Nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu. Baiskeli hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 20, na watu ni kama milioni 18. Ardhi yake ni tambarare, karibu robo yake ikiwa chini ya usawa wa bahari. Chini ya stesheni ya treni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika mwaka 2019. Kando ya barabara nyingi kuna njia ya lami nyekundu ambayo ni ya waendesha baiskeli. Bibi kizee huenda sokoni kwa baiskeli, mtoto huenda shule kwa baiskeli, na hakuna anayewashangaa.

Nilimtajia pia Denmark. Huko Kanisa la Kilutheri ndilo kanisa la taifa tangu Matengenezo ya mwaka 1536, na katika mji wa Copenhagen wamejenga daraja la baiskeli tupu, linalopinda kama nyoka juu ya maji, lililofunguliwa mwaka 2014. Mchungaji mpenda baiskeli atake nini zaidi? Hata Ujerumani, ilikotoka ile fomu, kuna mji wa Münster. Ukuta wake wa kale ulibomolewa, na mahali pake pana njia yenye miti inayouzunguka mji, wanapopita waendesha baiskeli.

Mke wangu alicheka. "Mimi nawaza mshahara na shule za watoto, wewe unanijibu njia za baiskeli!"

Lakini kwangu mimi, swali la shule na swali la njia lilikuwa swali moja. Binti yetu mkubwa alikuwa ameanza kidato cha kwanza, na shule yake iko kilomita tano kutoka nyumbani. Aliomba baiskeli. Mimi ninayezika na kubariki ndoa kwa baiskeli, nilimkatalia. Njia pekee ilikuwa barabara kuu, inakopita malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, pamoja na mabasi yanayogombea abiria. Pembeni mwa lami hapana nafasi, na ukisukumwa na upepo wa gari unaangukia shimoni. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemzika mwanafunzi wangu wa kipaimara, mtoto wa miaka kumi na minne. Aligongwa na lori akiwa amebeba dumu la maji kwenye baiskeli ya baba yake. Niliporusha udongo juu ya jeneza lile, nilimwona binti yangu amesimama katikati ya wanakwaya. Kwa hiyo niliposema "Uholanzi", nilikuwa nataka nchi ambayo mtoto anakwenda shule na kurudi.

Nikaanza kusoma habari za Uholanzi usiku, kama mtu anayeulizia nyumba anayotaka kupanga. Hapo nikakutana na jambo nisilolitarajia. Nchi ile haikuwa hivyo siku zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walipata fedha, wakanunua magari, na miji ikapanua barabara kwa ajili ya magari hayo. Waendesha baiskeli wakabanwa pembeni. Mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Mwaka uliofuata mwandishi mmoja wa habari, baba aliyempoteza binti yake barabarani, aliandika makala gazetini akidai mauaji ya watoto yakomeshwe. Kichwa cha makala ile kikawa jina la umoja wa wazazi. Akina mama na akina baba waliziba mitaa yenye hatari, wakaweka meza katikati ya njia, watoto wakacheza pale yalipokuwa yakipita magari. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda. Watu wakaiona mitaa yao ikiwa kimya. Baada ya hapo, mwaka hadi mwaka, njia zikaanza kujengwa.

Ndugu msomaji, habari hii ilinikosesha usingizi. Nilikuwa naitamani lami nyekundu, kumbe chini ya lami ile kuna machozi ya wazazi. Walikuwa wamesimama pale pale niliposimama mimi, kando ya jeneza dogo.

Nilimkumbuka nabii Zekaria. Katika sura ya nane anaeleza jinsi Bwana atakavyourudisha Yerusalemu, na dalili anayoitoa si dhahabu wala majeshi. Anawaona wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi njiani na fimbo zao mkononi kwa sababu ya umri mkubwa. Anaona njia za mji zimejaa watoto, wa kiume na wa kike, wakicheza. Mara nyingi tumehubiri juu ya hekalu lililojengwa upya, lakini juu ya njia hizo tumehubiri kidogo. Kwa kipimo cha nabii, mji umebarikiwa pale ambapo mzee na mtoto wanaweza kuwa njiani bila hofu.

Wala kipimo hicho si cha Ulaya peke yake. Hapa jirani, Kigali, tangu mwaka 2016 huwa na siku za Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, na watu hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Mwaka 2025 mji huo ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika Afrika.

Sisemi kwamba kuhama ni dhambi. Imani yetu inaanzia kwa mtu aliyeambiwa atoke katika nchi yake, na Waraka kwa Waebrania unawasifu waliotamani nchi iliyo bora. Vijana wanaokuja ofisini kuombewa viza nawaombea kwa moyo mweupe. Ila huwa nawasomea pia barua ya Yeremia, sura ya ishirini na tisa. Barua ile iliandikiwa watu walioko ugenini. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, na wautafute usitawi wa mji walipo. Kumbe anayekwenda na anayebaki wamepewa kazi ile ile.

Sisi tulianza na kidogo. Nyuma ya mashamba ya alizeti kuna njia ya zamani ya ng'ombe, iliyokuwa imezibwa na miiba. Niliwaita wazee wa kanisa, walimu na mwenyekiti wa kitongoji. Wenye mashamba wakakubali kila mmoja kutoa hatua mbili, Waislamu kwa Wakristo. Kwa Jumamosi tano vijana na umoja wa wanawake walifyeka na kusawazisha kilomita tatu na nusu. Baba wa yule mtoto niliyemzika alikuja Jumamosi zote tano. Hakusema mengi, alilima tu.

Mahali njia inapokatiza barabara kuu tumeomba matuta kwa ofisi husika. Tumeandika barua mara mbili, na majibu bado. Kwa sasa wazee wawili husimama pale kila asubuhi na jioni wakiwa na vibendera vyekundu, wakiwavusha watoto. Binti yangu ni mmoja wao. Baiskeli yake ni ya mtumba, ina kengele kubwa kuliko inavyostahili, na nyumbani tunaisikia kabla hatujamwona.

Fomu ya Ujerumani bado imo kwenye droo, na mke wangu anaendelea kujifunza Kijerumani kwa simu baada ya chakula cha jioni. Mwezi wa sita tutakaa, tutaomba, tutaamua. Nikienda, nitawauliza watu wa huko ni mtoto gani bado hajafikiwa na njia. Nikibaki, barua ya tatu ya matuta nimeshaiandika.

Nawe msomaji, Jumapili hii ukitoka ibadani, tembea kutoka mlango wa kanisa lako hadi shule iliyo karibu. Tembea kwa mwendo wa mtoto, ukiangalia mahali anapokanyaga. Ukifika mahali ambapo moyo unashtuka, simama hapo na uombe. Kisha Jumamosi rudi na jembe, na uje na mwenzako.