Mshabiki wa Mganda na Mshabiki wa Majimaji

Waandishi waliochunguza muziki wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa wamewaangalia zaidi wapiga ngoma, waimbaji na viongozi wao, ilhali katika masimulizi ya wazee wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na milima ya Umatengo mtazamaji naye ana sehemu kubwa: ndiye aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali, akapikiwa, akalala ugenini, na akarudi kwao akiwa na la kusimulia. Mjukuu wake leo hupanda gari hadi Songea, hulipa kiingilio katika Uwanja wa Majimaji, na huwashangilia wasanii wa bongofleva, yaani muziki wa kizazi kipya wa Tanzania, hadi usiku wa manane. Midundo imebadilika, bila shaka, lakini badiliko zito zaidi limekuwa katika wajibu wa mshabiki, yaani alichodaiwa kabla ya onyesho na alichoendelea kudaiwa baada yake.

Mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa kwa mistari iliyonyooka, hatua zikiwa za kijeshi, wachezaji wakiwa wamevaa kaptura na shati jeupe na soksi ndefu, huku ngoma kubwa ikiongoza na vibuyu vikivumisha sauti ya mwimbaji kwa msaada wa utando mwembamba uliobandikwa kwenye tundu. Asili yake inahusishwa na beni, mtindo wa kuiga bendi za kijeshi ulioanza pwani na ambao mwanahistoria Terence Ranger aliufuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki. Ziwa Nyasa halikuwa mbali na majeshi yenye bendi kama hizo, kwa kuwa mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann pale Sphinxhafen, ambapo sasa ni Liuli, na askari na wapagazi waliorudi kutoka vitani waliyajua vema magwaride, vyeo na sare. Vyeo hivyo viliingia katika ngoma yenyewe, kikundi kikawa na mfalme wake, kapteni wake na hata daktari wake. Kwa upande wa wanawake ilikuwapo kioda, ngoma ya mistari na ya unadhifu kama mganda, ambayo kwa bahati mbaya imeandikwa kidogo sana kuliko inavyostahili.

Katika ngoma hizo mtazamaji hakuwa mtu wa kando. Kijiji kilichoalika kikundi cha kijiji kingine kilijua kwamba kimealika pia mashabiki wake, na kila mgeni alihitaji ugali, kitoweo, maji ya kuoga na mahali pa kulala, kwa hiyo wanawake wa kijiji mwenyeji, wakiwemo wasiojali kabisa nani angeshinda, walikuwa wameanza kazi siku kadhaa kabla ngoma haijapigwa. Uwanja ulikuwa duara la watu, na mashabiki waliosimama kulizunguka waliona kila kosa la hatua, wakaitikia nyimbo, wakatunza, na wakapeleka sifa au aibu hadi kijiji cha jirani. Zaidi ya hayo, ziara moja ilizaa ziara nyingine, kwa kuwa waliokula kwa wenzao walipaswa nao kuwaalika, na kijiji kilichoshindwa kurudisha mwaliko kilipoteza heshima kuliko kijiji kilichoshindwa katika mashindano yenyewe.

Ukarimu huo ulikuwa na gharama, na katika Umatengo gharama ililipwa na kahawa, zao lililoanza kuenea huko katika miaka ya 1920 na ambalo baadaye lilipata chombo cha kuliuza katika ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulioitwa NGOMAT. Baada ya mavuno na malipo ya msimu ndipo sare zilinunuliwa na wageni wakalishwa. Mtafiti Stephen Hill, katika sura yake iitwayo Mchezo Umelala iliyotoka mwaka 2000 ndani ya kitabu kuhusu mashindano ya muziki Afrika Mashariki, aliunganisha kufifia kwa mashindano ya ngoma Umatengo na hali ya uchumi, na hoja hiyo ina nguvu, kwa maana soko la kahawa lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katikati ya miaka ya 1990, na MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kikaanguka katika muongo huohuo. Kijana aliweza kuendelea kuipenda ngoma bila senti mfukoni, lakini kijiji hakikuweza kulisha kijiji kingine kwa mapenzi peke yake.

Katika kipindi hichohicho mwambao ulipata aina nyingine ya onyesho. Kapteni John Komba, aliyekuwa mwanajeshi na baadaye mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo lililokuwa la mwambao huo, aliongoza Tanzania One Theatre, kikundi kilichoundwa mwaka 1992 wakati mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, na sauti yake ikajulikana nchi nzima hasa kwa nyimbo za maombolezo ya Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Katika mikutano ya siasa ambako vikundi vya aina hiyo vilitumbuiza, muziki ulisikika kwa vipaza sauti kutoka jukwaani, hapakuwa na kiingilio, na mshabiki hakuwa mgeni wa mtu yeyote, alikuwa mmoja katika umati ulioitwa kusikiliza. Kwa watu wengi wa vijijini hilo lilikuwa somo la kwanza la kuelekea upande mmoja, baada ya mazoea marefu ya duara.

Uwanja wa michezo ulikamilisha somo hilo. Duniani mfano maarufu wa awali ni onyesho la The Beatles katika Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965, ambapo mashabiki takribani 55,000 walipiga kelele kiasi cha wanamuziki kushindwa kusikia sauti zao wenyewe. Uwanja wa Majimaji, uliopewa jina la vita vya 1905 hadi 1907, ni mdogo kuliko huo, na unajulikana zaidi kwa timu ya Majimaji, ambayo mashabiki wake wamejiita Wanalizombe kwa kufuata lizombe, ngoma ya Wangoni. Jina hilo linastahili kutajwa kwa fahari, kwa sababu linaonyesha ngoma ikiingia uwanjani kwa mlango wa mpira. Maonyesho ya Fiesta ya kituo cha redio cha Clouds, yaliyozunguka mikoani, yalipofika Songea yaliwakuta watu ambao tayari wanajua kuimba pamoja, lakini safari hii mbele yao palikuwa na uzio, walinzi, na jukwaa ambalo msanii wake hakuwafahamu kwa majina wala kwa vijiji.

Jambo lililotenganisha kabisa kiingilio na ukarimu, hata hivyo, ni barabara. Zamani mtu wa Mbamba Bay alisubiri meli, kama MV Songea au MV Iringa, au alipanda milima kwa njia iliyoharibika kila masika, hivyo popote alipokwenda alilazimika kulala, na aliyelala alihitaji mwenyeji. Lami iliyofika Mbinga kutoka Songea katika muongo wa 2010, na kisha kushuka hadi Mbamba Bay, imewawezesha vijana wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kuchanga nauli, kuimba njia nzima ndani ya gari, kushangilia hadi mwisho, na kuwa makwao kabla ya mchana, pasipo mtu yeyote wa Songea kujua kwamba walipita, wala wao kudaiwa mwaliko.