Panda Mtama kwa Kuhesabu Miezi

Wewe unaujua mtama. Sisi Wahaya tunauita omugusha. Unga wake tunautia katika maji ya ndizi mbivu ili tupate rubisi. Lakini uko mtama mwingine ambao bua lake ni tamu kama muwa. Bua hilo huitwa kota. Watoto hulitafuna njiani.

Maji ya kota yana sukari. Kota likiwa zuri, kilo 100 za maji yake huwa na kilo 15 hivi za sukari. Maji hayo yakichacha, kisha yakachemshwa na mvuke wake kupozwa, hutoa spiriti. Spiriti huendesha magari. Brazil ilianza mpango mkubwa wa spiriti ya miwa mwaka 1975. India ilianzisha kiwanda cha spiriti ya mtama mtamu mwaka 2007. Basi atatokea mtu akuambie, "Panda huu, utapata fedha." Mimi sibishi. Nakuuliza tu: utaupanda lini?

Mtama huu hukaa shambani miezi minne hivi. Sukari hujaa katika kota baada ya suke kutoka. Huwa nyingi punje zinapokuwa ngumu. Hapo ndipo hukatwa. Kwa hiyo hesabu kuanzia mwisho, urudi nyuma.

Hapa Buganguzi masika huanza Machi na huisha Mei. Ukipanda kwa mvua za kwanza za Machi, mtama hunenepa wakati wa mvua, kisha hukomaa Julai, jua likiwaka. Ukipanda mwishoni mwa Aprili, mvua hukatika mimea ingali midogo. Vuli nayo ina hatari yake. Mtama wa mwanzo wa Oktoba hukomaa Februari, kabla ya masika. Wa Desemba hukomaa Aprili, katikati ya mvua. Masuke huota ukungu.

Tena kuna inzi. Ni mdogo kuliko inzi wa nyumbani. Hutaga mayai chini ya majani ya mche mchanga. Funza huingia ndani, na jani la katikati hukauka. Anayechelewa kupanda hukuta inzi wamekwisha zaana katika mashamba ya wenzake.

Mpwa wangu ana shamba katika rweya. Hapo hulima njugumawe za kulisha nyumba yake. Aliponiambia habari za mtama mtamu alisema, "Mjomba, acha nimalize maharage kwanza. Mtama huvumilia jua." Ni kweli huvumilia. Lakini kuvumilia si kunenepa! Nikamwambia apande nusu ya mbegu Machi, nusu Aprili. Kila upande ulipokomaa tuliwapa watoto kota watafune. La Machi lilikuwa nene kama kidole gumba. Walilimaliza wakaomba jingine. La Aprili lilikuwa kama kidole kidogo. Walitafuna mara mbili wakatupa.

Sasa sikiliza jambo linalonisumbua. Kota likisha katwa halingoji. Baada ya siku moja au mbili sukari huanza kupotea. Hapa kwetu hakuna kinu cha kulikamua. Na kiwanda, kikija, hakiwezi kukamua kota za kijiji kizima kwa siku moja. Kitataka wengine wapande mapema na wengine wachelewe, ili kipate kazi ya wiki nyingi. Mvua na inzi wanataka tupande pamoja. Je, yule aliyechelewa kwa kufuata ratiba ya kiwanda, akapata kota jembamba, atalipwa kwa uzito tu? Muulize mnunuzi hayo kabla hujapokea mbegu yake. Muulize pia lori litakuja wiki gani. Mambo hayo yaandikwe.

Mpwa wangu amekwisha lima. Sehemu kubwa ni njugumawe. Mtama ni robo tu, wote wa Machi. Mkewe amekwisha ziomba punje zake.