Vijumba vya Norwei na tingatinga la Maralal

Leo tuyaweke kando mambo ya seva, tuzungumzie ujenzi wa nyumba. Msikimbie! Jambo lenyewe lilianzia kwenye kompyuta, na kompyuta itajitokeza tena huko mbele.

Wengi wenu mmeitazama Ex Machina, filamu ya Alex Garland iliyotoka mwaka 2015, ile ya kijana mwanaprogramu anayealikwa kwa bosi wake kumpima roboti aitwaye Ava. Watu wakimaliza kuitazama hubishana kuhusu akili bandia. Mimi macho yangu yaliganda kwenye nyumba. Ukuta mzima ni kioo, na nje kuna mawe, miti na mto, kana kwamba hakuna aliyewahi kupita hapo na jembe. Nikapekua mtandaoni, nikakuta kwamba sehemu ya filamu hiyo ilipigwa katika hoteli iitwayo Juvet, huko Valldal, magharibi mwa Norwei.

Huko ni kaskazini hasa, kama nyuzi 62 kutoka ikweta. Mwezi wa Juni mchana unazidi saa 19, na Desemba unabaki kama saa 5 tu. Mto unanguruma ndani ya korongo la Gudbrandsjuvet, na ardhi ni miamba na miteremko. Ukimwonyesha fundi wa kawaida mahali kama hapo, atakwambia kwanza tupasue mwamba, tusawazishe, tumwage zege, halafu ndio tuanze kujenga.

Wasanifu Jan Olav Jensen na Børre Skodvin hawakufanya hivyo. Badala ya jengo moja kubwa, walitawanya vyumba, kila chumba kikawa kijumba chake cha mbao. Awamu ya kwanza ilikuwa na vijumba 7. Kila kimoja kinasimama juu ya fito za chuma zenye unene wa milimita 40, zilizopandwa kwenye matundu yaliyotobolewa ndani ya mwamba. Hakuna jukwaa la zege. Sura ya ardhi imeachwa karibu kama ilivyokuwa. Hakuna vijumba viwili vinavyofanana, kwa sababu kila kimoja kilichorwa kufuata mawe na miti ya pale pale kilipo, na kimeelekezwa ili mgeni aone mandhari yake bila kuchungulia chumba cha jirani.

Hoja yao ni rahisi. Tukizungumzia ujenzi usioharibu mazingira, wengi wetu tunahesabu umeme na joto peke yake. Wao wanasema kuilinda sura ya ardhi nako ni sehemu ya hesabu hiyo. Mimi nawaunga mkono. Zege lenyewe si jambo dogo, maana saruji inachangia takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Lakini hata tukiliacha hilo, paneli ya sola ikiharibika utanunua nyingine. Mwamba uliopasuliwa haurudi. Hauna nakala ya akiba popote.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limeninyima usingizi. Shemeji yangu ana ploti Maralal, kaskazini mwa Kenya, mahali pa mawe makubwa na mitarakwa. Tumechanga pesa tujenge vijumba 5 vya wageni, na akiba yangu ya miaka 4 imo humo. Fundi ameleta makadirio ya gharama. Mstari wa kwanza ni tingatinga, siku 3, kusawazisha ploti nzima. Mstari wa mwisho ni kununua miche ya miti. Yaani tung'oe miti kwa pesa, kisha tuipande kwa pesa!

Mimi nilipewa kazi ya kuchora, kwa kuwa ndimi "mtu wa kompyuta" katika familia. Nikafungua programu ya kuchorea majengo. Mnajua kinachotokea ukianzisha mchoro mpya? Inakupa uwanja wa kijivu, tambarare, usio na jiwe wala mti. Hapo nikaelewa kazi ya tingatinga. Programu inadhani ardhi ni tupu, na tingatinga linaenda kuilazimisha ardhi ifanane na programu.

Nikaifunga. Nikamwomba shemeji apige picha kila jiwe kubwa na kila mti, apime umbali wake kutoka nguzo ya kona, anitumie kwa simu. Alinung'unika, lakini akafanya. Baada ya wiki 2 tulikuwa na ramani: mawe 23, mitarakwa 9, na mkondo ambao maji ya mvua hupitia. Nilipotafuta nafasi za vijumba katikati ya vitu hivyo, zilipatikana 4, si 5.

Shemeji hakufurahi. Chumba kimoja kikipungua ni pesa inayopungua kila mwezi, na yeye ana watoto wa kusomesha. Siwezi kumwambia hoja yake haina uzito. Nilichomjibu ni hiki: mgeni anayesafiri kutoka Nairobi hadi Maralal amepita viwanja tambarare vingi njiani. Akifika akute kingine, atarudi kwa nini? Mawe yale ndiyo tunayouza. Mashuka na chai kila hoteli inayo.

Lakini tahadhari. Kujifunza kutoka Juvet si kunakili Juvet. Nimeyachuja hivi:

1. Msingi. Fito za chuma zinahitaji mwamba wa kweli. Jiwe lililolala juu ya udongo si mwamba, hata likiwa kubwa kama matatu. Mhandisi apime kwanza kila sehemu. Pasipo na mwamba tutatumia nguzo fupi chache, kila moja na zege lake dogo, bila kumwaga jukwaa zima.

2. Kioo. Norwei wanalitafuta jua, sisi tunalikimbia. Maralal iko karibu na ikweta, na jua la asubuhi na la jioni linaingia moja kwa moja ukutani. Kwa hiyo kioo kielekee kaskazini au kusini, chini ya upenu mrefu.

3. Baridi. Vijumba vya Juvet vilichorwa kwa ajili ya majira ya joto, vikiwa na tabaka la milimita 50 tu la kuzuia baridi. Maralal inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wake si wa mchezo. Blanketi peke yake halitoshi, dari na kuta ziwekewe tabaka hilo.

4. Rangi ya ndani. Hili nimelipenda sana. Mbao za ndani kule zilipakwa mafuta yenye rangi nyeusi ili kioo kisiakisi chumba na kuficha mandhari. Ni kama skrini ya simu: ukiwa juani na shati jeupe, unajiona wewe badala ya ujumbe. Hili tunalichukua lilivyo, halina gharama kubwa.

5. Maji. Mkondo wa mvua hauguswi. Paa zitavuna maji kwenye matangi, na choo kikae mbali na mkondo huo, upande wa chini.

Kwa sasa tingatinga limeahirishwa hadi mhandisi alete ripoti yake. Huenda ripoti ikasema vijumba 4, huenda ikasema 3, na hapo itabidi tukae tena na vitabu vya hesabu. Ila chumba cha tano tunaweza kukiongeza wakati wowote tukipata nafasi na pesa. Ploti ikishasawazishwa, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva, naahidi.